Kumtafuta Baba katika Batalioni ya Saba: Kiswahili cha Keya Kama Ushahidi wa Historia

Jina la Rais Yoweri Museveni linajulikana kote Afrika ya Mashariki, lakini si wanafunzi wetu wote wanaojua kwamba jina hilo ni kumbukumbu ya kikosi cha jeshi. Rais alizaliwa mwaka 1944, wakati maelfu ya vijana wa Uganda walikuwa vitani. Askari wa Batalioni ya Saba ya King's African Rifles waliitwa nyumbani Abaseveni, yaani watu wa namba saba kwa matamshi ya Kiingereza yaliyovikwa nguo ya lugha zetu. Mmoja wao huitwa Museveni. Kwa hiyo kila jina hilo linapotajwa redioni, namba ya batalioni moja ya Vita Vikuu vya Pili inatajwa pia, ingawa wengi wetu tunaisikia bila kuitambua.

Makala haya yanahusu namna ya kutafuta habari za mzazi aliyekuwa askari katika vita vile vya mwaka 1939 hadi 1945. Nimeyaandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu moja. Familia nyingi husema, "Hatuna karatasi yoyote ya Mzee," kisha huishia hapo. Nakusudia kuonyesha kwamba maneno aliyoyaacha Mzee ni karatasi za aina yake, na kwamba sisi tuliosomea lugha ndio tunaopaswa kuzisoma. Mfano nitakaoutumia ni wa baba yangu mzazi.

Keya walikuwa nani?

King's African Rifles liliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya kikoloni vilivyokuwepo Nyasaland, Kenya, Uganda na Somalia ya Waingereza. Batalioni ya Nne ilitokana na askari wa Uganda. Wengi wa askari hao wa mwanzo walikuwa Wasudani walioletwa na Kapteni Lugard mwaka 1891, na kizazi chao ndio Wanubi wa leo wa Bombo na kwingineko. Watu wa kawaida hawakulitamka jina lote la jeshi hilo. Walichukua herufi zake tatu za mwanzo wakasema "Keya", na askari wake wakaitwa makeya.

Lugha ya amri katika sehemu kubwa ya jeshi hilo ilikuwa Kiswahili. Kijana wa Ankole, wa Lango, wa Ukamba na wa Unyamwezi walipangwa katika mstari mmoja, na ofisa wao wa Kiingereza alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili. Hapo kilizaliwa Kiswahili cha peke yake ambacho wataalamu wamekiita KiKAR. Mungai Mutonya na Timothy Parsons walikichambua katika makala yao ya mwaka 2004. Upatanisho wa ngeli ulipunguzwa, viambishi vingi viliachwa, na maneno ya Kiingereza, Kiarabu na Kituruki yalipokewa bila masharti. "Afande" asili yake ni cheo cha Kituruki, na lilifika kwetu kwa njia ya askari wa Misri na Sudani. "Kombania" na "kuruta" ni Kiingereza. "Foleni", neno ambalo leo tunalitumia benki na hospitali, limetokana na amri ya Kiingereza ya kuwaita askari wajipange mstari. "Bombomu" ni mlio wa bunduki ya rashasha uliogeuka kuwa jina lake.

Vita vilipoanza mwaka 1939 jeshi hili lilikuwa dogo. Kabla havijamalizika, Uganda peke yake ilikuwa imetoa watu wapatao 77,000, baadhi wakiwa askari wa bunduki, na wengine madereva, wapishi, wauguzi, wajenzi na wabeba mizigo. Kenya na Tanganyika zilitoa zaidi. Watu wote hawa walirudi, au hawakurudi, na nyuma yao kuna familia zinazouliza hadi leo walikuwa wapi.

Alichotuachia Mzee

Baba yangu alikuwa Mnyankole, mkulima na mfugaji. Alifariki mwaka 1988. Hakuacha barua wala cheti cha kuachishwa jeshi. Aliacha sanduku la bati ambamo mlikuwa na nyota mbili za shaba na medali moja ya mviringo, na aliacha maneno.

Tuanze na nishani, maana ni ushahidi ambao familia nyingi wanao bila kujua thamani yake. Nyota za vita vile zina ncha sita, na katikati limeandikwa jina la nyota yenyewe. Nishani za Waingereza za vita hivyo kwa kawaida hazikuandikwa jina la mwenyewe, kwa hiyo usitarajie kulikuta. Hata hivyo kila nyota ilikuwa na masharti ya mahali na wakati. Nyota ya Burma ilitolewa kwa waliohudumu huko kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945. Nyota ya Afrika, kwa upande wetu, iliwahusu waliokuwa katika vita vya Uhabeshi, Eritrea na Somalia kuanzia tarehe 10 Juni 1940 hadi tarehe 27 Novemba 1941, siku ambayo Waitalia wa Gondar walisalimu amri. Katika sanduku la Baba ilikuwemo Nyota ya Burma pamoja na ile ya 1939–45. Nyota ya Afrika haikuwemo. Kukosekana kwa nishani si ushahidi kamili, kwani zipo zilizopotea, zilizouzwa, na ambazo wenyewe hawakupewa. Lakini ilikuwa dalili ya kwanza: yaelekea Mzee hakuwa Uhabeshi, na bila shaka yoyote alifika Burma.

Kuhusu maneno, Baba hakuwa msimuliaji. Alisema Kiswahili kwa nadra, hasa wazee wenzake wawili walipomtembelea jioni. Sisi watoto, ambao shuleni tulifundishwa kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wanyang'anyi, tulicheka pembeni. Yeye alisema, "Sisi natembea usiku, Japani iko ng'ambo." Alisema, "Vumbi nakula sisi." Na mara kwa mara, tena kwa sauti ya chini, alitaja jina "Letise". Mama alikuwa na hakika kwamba Letise alikuwa mwanamke. Kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kuuliza.

Majirani walimwita Omuseveni. Hilo lingetosha, mtu angesema, kuthibitisha kwamba alikuwa katika Batalioni ya Saba. Lakini mtafiti hana budi kuwa mwangalifu. Jina la namna hiyo huweza kuenea kijijini likamshika kila aliyerudi na koti la jeshi. Isitoshe, wajomba zetu walishikilia kwamba Baba alikuwa katika "ile divisheni ya kifaru", kwa sababu kila aliyesoma habari za Waafrika wa Mashariki huko Burma husoma habari za Divisheni ya 11, ambayo nembo yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Basi kulikuwa na madai mawili ambayo hayakupatana.

Vita viwili vya Burma

Ili kuona kwa nini hayapatani, inafaa tujue jinsi vikosi vilivyopangwa. Batalioni tatu kwa kawaida zilifanya brigedi, na brigedi tatu zilifanya divisheni. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na Brigedi za 21, 25 na 26. Ndani yake zilikuwemo batalioni za Uganda, miongoni mwao ile ya 4 na ile ya 34. Divisheni hiyo iliingia vitani katikati ya mwaka 1944 chini ya Meja Jenerali Fowkes. Kuanzia Agosti iliwafuata Wajapani kutoka Tamu kuelekea kusini katika bonde la Kabaw, wakati wa mvua za monsuni. Bonde lile lilisifika kwa malaria na homa za kupe wadogo wa vichakani. Magari yalizama katika tope, chakula kikaangushwa kwa ndege, na barabara zikatandikwa magogo. Tarehe 2 Desemba 1944 divisheni iliuteka mji wa Kalewa kwenye mto Chindwin, na muda si mrefu likajengwa hapo daraja la vyuma la futi 1,154. Kisha divisheni ikaondolewa mstari wa mbele ikarudishwa India kupumzika.

Batalioni ya Saba haikuwa katika divisheni hiyo. Yenyewe, pamoja na Batalioni ya 46 ya Tanganyika na ya 71 ya Somalia, ilikuwa katika Brigedi ya 28, ambayo ilijitegemea. Brigedi hiyo iliingia vitani mwanzoni mwa mwaka 1945, monsuni ikiwa imekwisha zamani, katika nchi kavu ya Burma ya kati. Mto wake haukuwa Chindwin, ulikuwa Irrawaddy.

Hapo maneno ya Mzee yakaanza kusema. Wazee waliokuwa Kabaw husimulia tope. Baba alisimulia vumbi. Katika miaka yote sikumsikia akitaja mvua ya Burma hata mara moja. Na "ng'ambo" aliyoitaja si neno la kupita tu. Katika Kiswahili ng'ambo huhitaji maji katikati.

Brigedi iliyotumwa ili ifananishwe

Kazi ya Brigedi ya 28 inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana ndiyo inayofumbua fumbo la wajomba zetu.

Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la Kumi na Nne, alitaka kuvuka Irrawaddy mahali ambapo Wajapani hawakumtarajia, kisha akimbilie Meiktila, mji uliokuwa ghala na kituo chao kikuu. Kwa ajili hiyo aliipeleka kolo nzima ya jeshi kwa siri, kupitia bonde la Gangaw. Siri kubwa namna hiyo haifichiki kwa majani peke yake. Basi Brigedi ya 28 iliwekwa mbele. Wajapani walikwisha kupigana na Waafrika wa Divisheni ya 11, na kama wangewaona Waafrika tena, wangedhani ni wale wale wanaendelea na safari yao. Hawangeshuku kwamba nyuma yao kuna jeshi jingine kabisa.

Mwezi wa Februari 1945 brigedi ilipewa kazi ya pili iliyofanana na ya kwanza. Ilipelekwa Seikpyu, kwenye ukingo wa magharibi wa Irrawaddy, ikitazamana na Chauk penye visima vya mafuta. Hapo ilitakiwa kufanya kila dalili ya jeshi linalojiandaa kuvuka. Tarehe 14 Februari Divisheni ya 7 ya India ikavuka mahali pengine, karibu na Nyaungu, kaskazini ya hapo. Wajapani waliiamini ile dalili ya Seikpyu kiasi cha kuishambulia brigedi kwa nguvu, nayo ikalazimika kurudi nyuma hadi mahali panapoitwa Letse, ambapo mapigano yaliendelea. Meiktila ilitekwa mwanzoni mwa Machi.

Letse. Mdomo wa Mnyankole hauwezi kuzibeba konsonanti "ts" zikiwa zimebanana hivyo bila kuzipa irabu katikati. Mwanafunzi yeyote wa fonolojia wa mwaka wa kwanza angeweza kutabiri matokeo yake, kuwa ni Letise. Mama alikuwa hai nilipompelekea habari hizo, naye alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanyamaza. Akasema, "Kumbe ilikuwa mahali. Kumbe ndiyo maana alikuwa hafurahi akiitaja."

Kwa hiyo wajomba hawakusema uongo. Walirudia tu kosa ambalo brigedi ile ilitumwa kulisababisha. Wajapani walitakiwa wadhani kwamba hawa ni Divisheni ya 11, na baada ya vita vitabu vingi vikaendelea kuwahesabu humo. Askari wa Seveni walifanya kazi yao vizuri mno, hata historia yenyewe ikadanganyika.

Shajara za vita na majina yasiyoandikwa

Dalili za lugha zinahitaji kuthibitishwa kwa maandishi. Kila batalioni ya jeshi la Kiingereza ilitakiwa kuandika shajara ya vita. Ni kumbukumbu ya kila siku inayoonyesha tarehe, mahali na lililotokea. Shajara hizi zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, huko Kew, London. Zile za Burma zimo katika mfululizo wa WO 172, za Madagaska katika WO 174, na za Mashariki ya Kati pamoja na Afrika ya Mashariki hutafutwa katika WO 169. Kusoma huko ni bure, msomaji huandikishwa tu, na anaruhusiwa kupiga picha za kurasa kwa kamera yake. Mimi nilisaidiwa na mwanafunzi wetu wa zamani aliyekuwa masomoni London. Alinipigia picha kurasa za Februari na Machi 1945, na jina la Letse limo.

Lakini jina la Baba halimo. Wala la mwenzake yeyote. Maofisa wa Kizungu hutajwa kwa majina na vyeo. Askari Waafrika huandikwa kwa idadi: wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa. Mtu anayefungua shajara akitarajia kumkuta babake ataifunga na uchungu. Ataikuta njia aliyopita na siku aliyofika mahali. Mwenyewe hatamkuta.

Dosari hii haiko katika shajara peke yake. Mwaka 2019 ilichapishwa habari ya waraka wa serikali ulioonyesha kwamba malipo ya kumaliza utumishi wa vita yalipangwa kwa rangi, Mwafrika akipata sehemu ndogo ya alichopata Mzungu wa cheo kile kile. Na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika, hasa wa vita vya kwanza, hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wenzao wa Ulaya.

Hata hivyo, kwa vita vya pili, orodha za Tume hiyo zinasaidia sana, na zinapatikana bure kwenye intaneti. Huonyesha jina la marehemu, batalioni, namba yake ya jeshi, tarehe ya kufa na mahali alipozikwa au jina lake lilipochongwa. Msomaji atauliza: zinamsaidiaje mtu ambaye babake alirudi salama? Zinasaidia kwa njia ya rafiki. Baba alikuwa akimtaja mwenzake mmoja wa kata jirani ambaye "alibaki Letise". Nikatafuta jina hilo, sikulipata. Nikatulia, nikafikiri kama mwalimu wa lugha.

Karani aliyeandikisha kuruta aliandika alichosikia. Huenda alikuwa Mwingereza, Mkenya au Mnyasa. Sauti "ky" ya kwetu aliweza kuiandika "ch" au "k", "r" ikawa "l", "b" ikawa "v", na irabu ndefu zikafupishwa. Jina kama Byaruhanga, kwa mfano, linaweza kujitokeza likiwa Biaruhanga, Bialuhanga au hata Viaruanga. Zaidi ya hayo, jina la kwanza na la baba yaliweza kubadilishana nafasi. Niliandika orodha ya maendelezo yote niliyoweza kuyafikiria ya jina la rafiki huyo, yakafika kumi na tisa. La kumi na nne lilijibu. Batalioni ya 7, mwaka 1945, Kumbukumbu ya Rangoon.

Kumbukumbu hiyo iko ndani ya makaburi ya Taukkyan nchini Myanmar, na ina majina ya karibu watu 27,000 ambao makaburi yao hayajulikani. Sitalitaja jina la rafiki huyo hapa, kwa heshima ya jamaa zake. Tuliwapelekea karatasi yenye mstari mmoja ule. Walijua siku zote kwamba ndugu yao alikufa vitani. Hawakujua ni mwaka gani, wala nchi gani, na hawakuwahi kufikiri kwamba jina lake limechongwa kwenye jiwe mahali fulani duniani, hata kama limeendelezwa visivyo. Kwao mazishi hayakuwa yamekamilika. Mwaka ule yalikamilika. Na kwa upande wetu mstari ule ule ulithibitisha kikosi cha Baba: jina la utani, nishani, vumbi, mto, Letise na rafiki, vyote vikaelekea mahali pamoja.

Ushauri kwa wanafunzi wetu

Wanafunzi wanaotaka kufanya utafiti kama huu kwa wazazi au babu zao wazingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, andikeni maneno ya wazee kama yalivyotamkwa. Msiyasahihishe. Mwanafunzi akisikia "sisi natembea", mkono wake humwasha aandike "tulikuwa tukitembea". Auzuie. Kiswahili sanifu tutakiandika katika uchambuzi. Katika ushahidi tunataka sauti ya shahidi. Laiti mtu angeisahihisha Letise ikawa Letisia, mlango ungefungwa kabisa.

Pili, sikilizeni majina ya mahali, maana hutenganisha vita na vita. Anayetaja Gondar au Uhabeshi anazungumzia mwaka 1941. Anayetaja Majunga au Tananarive alikuwa Madagaska mwaka 1942. Kabaw na Kalewa ni mwaka 1944, Irrawaddy ni 1945. Anayetaja Misri au Libya yaelekea alikuwa katika vikosi vya kazi, na hao nao walikuwa askari, wala historia yao isidharauliwe. Mzinga ukitajwa pamoja na bahari, ulizeni habari za meli ya Khedive Ismail. Meli hiyo iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ilizamishwa na manowari ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944 ikiwa na wapiga mizinga wengi wa Afrika ya Mashariki, na watu karibu 1,300 walikufa.

Tatu, jihadharini na namba. Katika miaka ya mwanzo ya vita batalioni ziliandikwa kwa mkwaju, kama 1/6, yaani batalioni ya kwanza ya kikosi cha sita. Huko Burma tunakuta namba za tarakimu mbili kama 34 na 46. Mzee anayesema "siksi" anaweza kuwa na maana zaidi ya moja.

Nne, msitosheke na dai hata likitolewa na mtu mkubwa. Idi Amin alipenda kusema kwamba alipigana Burma. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha kwamba aliandikishwa mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, akiwa msaidizi wa mpishi. Dai ni mwanzo wa utafiti.

Tano, someni yaliyochapishwa. Historia ya jeshi hili iliyoandikwa na Moyse-Bartlett mwaka 1956 inafuatilia batalioni moja moja, ingawa kwa jicho la maofisa. Kwa sauti ya askari wenyewe, tafuteni kijitabu cha Robert Kakembo wa Uganda kilichochapishwa London mwaka 1946, na kumbukumbu za Waruhiu Itote wa Kenya, aliyekuwa katika Batalioni ya 36 kabla ya kuwa Jenerali China wa Mau Mau. Magazeti ya Kiswahili ya wakati ule nayo ni hazina, kama vile Baraza lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 na yale ya kijeshi ambayo Katrin Bromber aliyatafiti katika kitabu chake cha mwaka 2009. Hapa nyumbani kuna Hifadhi ya Taifa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa Entebbe na sasa iko Wandegeya, Kampala.

Deni letu

Kwa muda mrefu katika nchi hii Kiswahili cha askari kilikuwa kitu cha kuonewa aibu. Wazazi waliokisema walichekwa na watoto wao, na hatimaye wakaacha kukisema. Kila aliyenyamaza alinyamaza na vita vyake. Tangu mwaka 2005 Katiba imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Ni jambo la kufurahisha. Lakini tusije tukawafundisha vijana kwamba Kiswahili kilifika Uganda kwa gari la vitabu kutoka Dar es Salaam. Kilikuwepo uani kwa baba zetu, kimevaa buti, na ngeli zake zimevurugika.

Keya wenyewe wamekwisha karibu wote. Watoto wao, ambao waliyasikia yale mazungumzo ya jioni, sasa ni wazee wa miaka sitini, sabini na themanini. Bado wanayakumbuka maneno ambayo hawakuyaelewa. Ninawaomba wanafunzi wanaokwenda likizo wachukue daftari, wamkalie mzee wa namna hiyo, wamwulize swali moja tu la kuanzia: "Baba yako alikuwa akitaja majina gani ambayo hamkuyafahamu?" Majibu yaletwe katika Idara yakiwa yameandikwa kama yalivyosemwa, pamoja na kijiji na lugha ya nyumbani ya msimulizi, nasi tutayalinganisha na ramani na shajara. Miongoni mwa maneno hayo mna Letise nyingine, na kuna jamaa ambao mpaka leo hawajajua ndugu yao alibaki wapi.